Mvule Rudufu

Wageni walianza kushangaa saa tatu kamili asubuhi, kwa sababu ndivyo ratiba ilivyosema. Walisimama kwenye jukwaa la mbao chini ya mvule mkubwa, watu ishirini na wawili wa mjini waliovaa tisheti za kijani zilizoandikwa NAPENDA ASILI, wakanyanyua vichwa kwa pamoja, wakasema "Aaah!" Kisha kila mmoja akainama kutazama kikuku mkononi mwake, apate kujua kama ameshangaa vya kutosha.

Mimi nilikuwa chini ya turubai na kompyuta yangu, nikipokea alama zao. Naitwa Kaoneka Shemhilu. Ni mpimaji wa staha wa Marafiki wa Miti Asilia, tawi la Kwemvule, yaani mtu mzima mwenye ndevu anayelipwa kusoma moyo wa mwenzake na kumwambia kama anaupenda mti au anajisingizia.

"Hamsini na nane!" akalalamika mama mmoja mwenye miwani mikubwa. "Mbona jana kwenye maporomoko nilipata sabini?"

"Ushike, mama," nikamshauri. "Funga macho kidogo."

Akaushika, akafunga macho. Sitini na mbili. Akanishukuru sana, akaipiga picha ile namba. Mti hakuupiga.

Walioitunga Sheria ya Staha, miaka kumi na miwili iliyopita, nasikia walikuwa watu wenye nia njema. Kabla yao msitu ulikabidhiwa kwa yeyote mwenye barua yenye mhuri, na misitu ikaisha mbele ya macho ya watu. Ikaamuliwa basi kwamba msitu ukabidhiwe kwa anayeupenda, na upendo wenyewe upimwe kwa mashine ili watu wasidanganye. Kikuku husoma mapigo ya moyo, jasho la ngozi na jinsi pumzi inavyokatika mtu anapokutana na jambo kubwa. Kila anayetaka kuwa mlezi wa msitu lazima afikishe alama sitini mbele ya mashahidi, mara moja kwa mwaka. Akifikisha, anaruhusiwa kuingia msituni siku yoyote, kuokota mbegu, na kuweka pingamizi mti usikatwe. Asipofikisha, anarudisha kibali, na msituni ataingia Jumamosi pamoja na wenye tisheti.

Mwaka juzi bwana mmoja alisimama kwenye njia ya siafu wakati wa kipimo. Walimpanda hadi kiunoni. Alipata tisini na moja, na picha yake akiwa amekodoa macho iko ukutani ofisini kwetu hadi leo, imeandikwa "Mpenzi wa Asili wa Mwaka". Niliwaandikia makao makuu nikawaeleza kwamba mashine yao haijui tofauti ya hofu na staha. Baada ya miezi minne wakajibu kwamba kuanzia sasa washiriki wavae viatu vinavyofunika mguu.

Jumamosi hiyo, baada ya wageni, ilikuwa zamu ya Mama Hiza kupimwa. Alipangiwa saa tano, na tangu nilipoamka nilikuwa naiogopa saa tano.

*

Ili uelewe niliogopa nini, lazima nikueleze kuhusu mwenyekiti wetu, ingawa kumweleza ni kumpa heshima asiyostahili.

Bwana Tumsifu Mberesero alitumia maisha yake yote kupanga maonyesho ya magari. Alipostaafu akagundua asili. Aliigundua kama vile hakuna aliyeijua kabla yake, akaja huku kwetu chini ya milima na kofia pana, akaanzisha Bustani ya Uanuwai, na ndani ya miaka sita akawa na aina mia moja arobaini na tatu za miti asilia. Kila aina mti mmoja, na kila mti kibao chake cha shaba. Mringaringa mmoja. Mkangazi mmoja. Mkulo mmoja, ambao ni mti wa juu kwenye baridi na huku unakauka kwa joto, lakini kibao chake kinasuguliwa kila wiki.

Serikali inahesabu aina, haihesabu miti, kwa hiyo Mberesero naye anahesabu aina. Machoni pake mti wa pili wa aina ileile ni kosa la karani. Ana jina lake kwenye fomu: rudufu.

Mvule wenye jukwaa ndio wenye kibao. Umenyooka, gome lake safi, na msimu wa maua unaning'iniza mikia myeupe ambayo wageni huiokota na kuichomeka kwenye nywele. Wastani wa staha yake ni sabini na nne. Ng'ambo ya kijito, hatua kama mia mbili, uko mvule mwingine. Huo una shimo kwenye shina, umepinda, popo wamejaa, na chini yake kunanuka matunda yaliyooza na mavi. Wastani wake ni alama tatu. Mberesero alipataka mahali pale ajenge Jukwaa la Kutafakari, akanituma nikaupime. Nikaupima. Nikajaza fomu kwa mkono wangu: "Aina: mvule. Hadhi: rudufu. Staha: 3." Nikatia saini, nikaenda kula.

Fomu ile ikapitishwa kimyakimya, na mti ukapangiwa kukatwa Jumatatu.

Mama Hiza alisikia habari hizo wiki mbili kabla ya kipimo, akaja ofisini na ndoo mkononi. Ni mwanamke wa miaka hamsini na saba, mfupi, mwenye mdomo usio na breki, na ndiye anayeotesha miche yote ya bustani yetu. Hakuketi.

"Mwenyekiti, huo mnaouita rudufu ndio jike," alisema. "Huu wenu wa jukwaani ni dume. Dume hatoi mbegu."

Mberesero akawatazama wageni wawili waliokuwa wakinywa chai pembeni, akatabasamu kana kwamba anamwombea Mama Hiza radhi. "Mama Hiza, tafadhali. Dume na jike ni mambo ya mbuzi."

"Na ya mvule."

"Orodha yetu imeandika mvule, basi. Haikuandika bwana mvule na bibi mvule."

"Basi aliyeiandika hajawahi kuokota mbegu. Kila mche wa mvule uliopo hapa na vijiji vyote hivi vya jirani umetoka kwa jike huyo. Mkimkata, huyo dume wenu atabaki anamwaga maua mpaka azeeke, na hamtapata hata mche mmoja. Na mtakuwa na mvule mmoja kweli, kama mnavyotaka."

Nilijua anasema kweli. Nimekulia hapa, na kila mtoto wa hapa anajua mvule upi una matunda. Nilikuwa nimekaa mezani kwangu, fomu yenye saini yangu iko droo ya chini, na nilichofanya ni kukoroga chai.

"Sikiliza," Mberesero akasema kwa sauti ya mtu mwenye subira nyingi. "Sisi ni watu wa taratibu. Ukiwa mlezi halali, lete pingamizi lako, nitalipokea kwa mikono miwili. Kipimo ni Jumamosi ya wiki ijayo."

Alijua anachosema. Miaka yote iliyopita wenyeji walisamehewa alama. Mwaka huu msamaha umefutwa, na mwaka jana Mama Hiza alipata nne.

*

Ijumaa mchana nilimfuata kwenye kitalu na kikuku cha mazoezi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, beseni la maji liko mbele yake, anakamua matunda ya mvule yaliyoangushwa na popo. Unayaloweka, unayakamua mpaka yawe uji, unachuja, halafu mbegu unazianika kivulini juu ya gunia. Jua likizipata zinakufa. Ni kazi ya kuchosha na inanuka, na sijawahi kumwona mwanachama hata mmoja wa Marafiki wa Miti Asilia akiingiza kidole kwenye beseni lile.

Nikamfunga kikuku. Tano.

"Haya, mama, uangalie mti."

"Nauangalia kila siku."

"Shangaa basi."

"Nishangae nini? Ungekuwa umetembea ningeshangaa."

"Jaribu kusema 'Aaah'. Wengine inawasaidia."

Akasema "Aaah" kama anayeonyesha daktari koo. Ikashuka mpaka nne. Tukacheka wote wawili, halafu yeye akaacha kucheka kabla yangu.

"Hii mashine yenu inataka nini hasa, Kaoneka?"

"Inataka moyo ukuruke, mama."

Akakung'uta mikono yake, akafikiri. "Mimi nimeishi na marehemu mume wangu miaka thelathini na mmoja. Moyo uliniruka mara mbili: siku nilipomwona, na siku walipoleta habari kwamba ameanguka. Hapo katikati nilikuwa nampikia." Akarudisha mikono ndani ya beseni. "Sasa wewe niambie. Kikuku chako kingesema nilimpenda siku mbili?"

Akanituma nimletee kichupa cha dawa kilichokuwa dirishani, akameza kidonge kimoja na maji ya kikombe cha bati.

"Presha," akasema. "Daktari kanikataza vitu viwili, chumvi na kushtuka. Chumvi nimeacha."

Nilirudi nyumbani kwa mguu, njia nzima nikiwaza jambo moja, na mpaka sasa naona haya kulisema. Kubadilisha namba siwezi. Kikuku kikishafungwa mbele ya mashahidi kinatuma alama makao makuu chenyewe, mimi naziona tu kama wanavyoziona wengine kwenye skrini. Namba haidanganyiki. Mwenye kikuku anadanganyika. Mama Hiza alikuwa amekwisha kuniambia kwa mdomo wake mwenyewe moyo wake huruka lini, na hakujua kwamba ananiambia.

Habari za mti kukatwa Jumatatu zisingefaa. Alizijua tangu wiki mbili zilizopita, alikwisha kuzikasirikia, akazizoea. Ilihitajika habari mpya. Na ilihitajika asijue kwamba ni uongo, kwa sababu ukimwambia mtu kwamba utamshtua, hashtuki. Kwa hiyo nisingeweza kumwomba ruhusa. Mwanamke mwenye presha, aliyenipa uji nikiwa mdogo mama yangu alipolazwa, ningemtia hofu mbele ya watu bila ruhusa yake, na kama moyo wake usingehimili, basi ningekuwa nimeokoa mti kwa maiti.

Mtu wa maana angekwenda kwa Mberesero, akaichana fomu mbele yake, akapoteza kazi na kulala vizuri. Mimi nilikwenda kulala na kazi yangu.

*

Saa tano Mama Hiza alipanda jukwaani amevaa kanga mbili na mabuti ya mvua ya marehemu mume wake, kwa sababu taratibu zilitaka viatu vinavyofunika mguu. Wageni walikuwa wamebaki kutazama. Mwenyeji akipimwa huwa ni burudani kwao. Skrini kubwa iliwekwa pembeni, na Mberesero alishika kipaza sauti.

"Dakika tano," alitangaza. "Karibu, mama yetu, uonane na mvule."

Sita, skrini ikasema.

Mama Hiza aliutazama mvule dume kama unavyomtazama jirani mnayeonana kila siku dukani. Aliona tawi lililokauka, nikamwona akilikadiria litaanguka lini. Aliona mchwa. Akachuchumaa, akakwangua udongo wa mchwa kwenye gome kwa ukucha, akanusa, akasonya. Mtu anayelijua gome la mti kwa harufu alikuwa akishindwa mtihani wa kuupenda mti, na yule mama wa miwani mikubwa, wa sitini na mbili, akamnong'oneza mwenzake, "Masikini, hawa wenyeji hawana hisia kabisa." Natamani ningeweza kusema kwamba nilimjibu.

Dakika ya tatu, alama tano. Dakika ya nne, sita. Mberesero akaanza kuitazama saa yake kwa raha.

Nikasimama. Nikasema kikuku kimelegea, nikapanda jukwaani, nikainama kwenye mkono wake nikijifanya nakaza kifungo.

"Mama," nikamwambia sikioni. "Jike wamemwangusha. Leo asubuhi, kabla hujafika. Hawakungoja Jumatatu."

Hakupiga kelele. Alinitazama usoni kuona kama natania, akaona kwamba sitanii, kwa sababu uongo naujua. Mkono wake ulipoa ndani ya mkono wangu. Akageuza kichwa kuelekea kijito, lakini kutoka pale jukwaani miti mingine inaziba, huwezi kuona ng'ambo. Mdomo ukamfunguka na pumzi haikutoka.

Nyuma yangu wageni walianza kuguna. Arobaini. Sitini na sita. Themanini na moja. Mtu akapiga kofi moja, wengine wakafuata, na ilipofika tisini na saba walikuwa wote wamesimama wanapiga makofi na vigelegele. Yule mama wa miwani alikuwa akilia, na kikuku chake mwenyewe kikapanda mpaka themanini na tatu.

"Mnaona!" Mberesero alipaza sauti. Alikuwa ameduwaa, lakini mtu wa maonyesho haachi onyesho lipite. "Mnaona asili inavyoweza kumgusa hata mwenyeji!"

Mama Hiza alishika nguzo ya jukwaa. Midomo yake ilikuwa imepauka. Nikamtilia maji, hakuyaona. Nikamwekea mbele karatasi ya pingamizi niliyokuwa nimeijaza usiku wa Ijumaa, nikampa kalamu.

"Saini hapa, mama."

"Ya nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Si mmeshamwua."

"Saini tu. Nakuomba."

Akasaini kama mtu anayesainishwa maiti hospitali. Nikagonga mhuri pale pale, mbele ya mashahidi ishirini na wawili, mlezi halali mwenye alama tisini na saba, na mwenyekiti akalipokea pingamizi kwa mikono miwili kama alivyoahidi, maana kamera za wageni zilikuwa zinamtazama. Makofi yakaanza tena.

Nilipogeuka, Mama Hiza alikuwa ameshashuka. Alikuwa anavuka kijito na mabuti yale makubwa, peke yake, anapepesuka kidogo.

*

Alikaa huko karibu nusu saa. Wageni walikuwa wamekwenda kula nilipomwona anarudi, taratibu, amejishika kiuno. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye turubai langu.

"Amesimama," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulijua."

"Ilikuwa lazima moyo ukuruke. Sasa hawawezi kumkata, pingamizi limeshapita. Umemwokoa."

"Nilipomwona nikadhani mimi ndiye niliyekufa." Aliongea bila hasira, na ningependa zaidi angekasirika. "Nikakaa chini kwenye mavi ya popo nikangoja nijue kama nimekufa. Ungeniambia, Kaoneka."

"Ningekuambia usingeshtuka."

"Nisingeshtuka. Tungemkosa, ningelia nyumbani kwangu, kwa jambo la kweli." Akavua kikuku, akakiweka juu ya kompyuta yangu. "Umeurusha moyo wangu mbele ya watu kwa jambo la uongo. Na wao wakanipigia makofi. Salamu zangu na wewe zimeishia hapa."

Akaenda zake kwenye kitalu. Beseni lilikuwa linamngoja, na matunda yakikaa sana kwenye maji yanachacha.

Nilikuwa bado nimesimama pale Mberesero alipokuja, ameshika cheti chenye jina la Mama Hiza, wino haujakauka. Nilijua aliniona nikiinama sikioni mwa mama huyo, maana kazi yake maisha yote ilikuwa kutazama nyuma ya pazia. Nikangoja anifukuze, na nikiri kwamba sehemu ya moyo wangu iliomba anifukuze.

"Tisini na saba," alisema kwa sauti ya chini. "Haijawahi kutokea nchi nzima. Makao makuu wamepiga simu wenyewe. Mwakani wanakuja na wapiga picha, wanamtaka yeye. Mti ule acha ubaki, tutajenga jukwaa kwingine. Ulimwambia nini?"

Nikamwambia. Alitikisa kichwa polepole, kwa ile heshima ya fundi kwa fundi mwenzake, na hakuna tusi ambalo lingeniuma kama heshima ile.

"Safi sana," akasema. "Lakini hilo la mti halitamshtua tena, ameshalijua. Mwakani tutamwambia nini?"

Nilitaka kumtemea mate. Nilitaka kuukamata ule ukosi wa tisheti yake ya kijani na kumwambia maneno ambayo nimeyahifadhi miaka sita. Lakini kabla hajamaliza kuuliza, jibu lilikuwa limeshanijia lenyewe, kamili, tayari kutumika: Mama Hiza ana mtoto mmoja tu, dereva wa lori la masafa marefu.